Bibi Néant wa Uvira

Ujumbe uliingia saa tisa usiku. Dada yangu aliyeko Texas, mtoto wa baba mkubwa, hajawahi kukubali kwamba jua lina zamu. Kwake kukiwa bado na mazungumzo ya jioni, basi na sisi wa Uvira tuko macho. Nilijua ni msiba. Nikaketi kitandani, nikavaa shati kabisa, maana habari ya msiba haipokelewi kifua wazi, ndipo nikafungua sauti yake kwenye WhatsApp. Hakuna aliyekufa. Mtoto wake amepewa kazi ya shule.

Mwalimu anataka mti wa familia. Tena si mti mfupi wa baba na babu. Unatakiwa upande mpaka kwa baba wa babu yetu: jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, jina la mke, kazi aliyoifanya. Mtoto yule ni kilembwe cha mzee huyo, na Marekani, inaonekana, kilembwe hapewi alama bila kueleza alikotoka. "Kaka, wewe ndiye uko nyumbani," dada akamaliza. "Uliza tu."

Uliza tu! Maneno mawili yaliyonigharimu miezi miwili, viatu jozi moja, na jamaa wapya kumi na saba ambao si jamaa zangu.

Katika kila ukoo kuna mtu mmoja anayevaa shati lenye kalamu mfukoni, na kazi zote za karatasi huishia kwake. Kwetu ni mimi. Kalamu yenyewe haina wino tangu mwaka jana, lakini ukoo hautazami wino, unatazama mfuko. Dada alivuka ziwa akiwa mtoto mwaka 1996, vita vilipotufikia, akakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, kisha akapelekwa Marekani. Kiswahili anacho, Kiingereza anacho. Kifaransa alikiacha darasa la pili, pamoja na begi lake. Hilo la Kifaransa mliweke akilini, maana ndilo lililotufikisha tulipofika.

Tulichokijua sote ni kwamba babu mkubwa aliitwa Bukuru. Mtu asiye wa pande zetu atasema: jina mnalo, mnataka nini tena? Ngoja nieleze. Kwa desturi ya Kirundi, iliyosambaa kwenye bonde lote la Ruzizi, pacha wa kwanza anaitwa Bukuru, wa pili Butoyi, na mtoto anayewafuata mapacha ni Ciza. Hayo majina hayachaguliwi, yanakusubiri mlangoni. Kumtafuta Bukuru kati ya Uvira na Bujumbura ni kama kusimama Kariakoo ukaita "Juma!" Watageuka wengi, na kila mmoja atakuuliza una shida gani.

Na usidhani jina la ukoo lingetusaidia. Huku mtoto hapewi jina la baba yake kama anayerithi shamba. Baba yangu na ndugu zake wanne wana majina matano. Anayeitwa Masumbuko, jina lake ni taarifa ya hali ya nyumbani siku aliyozaliwa. Halafu mwaka 1972 Mobutu akaamuru tuyaache majina ya ubatizo, tuchukue ya mababu. Wazee waliolala wakiwa Joseph na Pierre waliamka wakiwa watu wengine. Utawala wake ulipoanguka wengine wakayarudia majina yao, wengine wakabaki nayo yote, ndiyo maana leo Mkongomani ana jina, postnom na prénom, na anapojaza fomu ya nje ya nchi hubakiwa na jina moja mkononi lisilo na mahali pa kuwekwa.

Nikaanza anapoanzia kila mtu mwenye akili: kwa wazee. Niliitisha kikao Jumapili alasiri kwa baba mdogo, mtaa wa Kasenga, nikanunua sukari, chai na mikate. Ndani ya nusu saa nilikuwa na Bukuru watatu. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, hasemi. Wa pili alikuwa mfupi, mnene, hanyamazi. Wa tatu alikuwa na urefu wa kubadilika. Kuhusu umri, mzee mmoja aliapa kwamba Bukuru alizaliwa mwaka Wabelgiji walipofika. Mwingine akasema Wabelgiji walimkuta ana ndevu. Wa tatu, aliyekuwa amekula mikate mingi kuliko wenzake na akaona lazima ailipie, akatangaza kwamba Bukuru ndiye aliyewaonyesha Stanley na Livingstone mdomo wa Ruzizi.

Hapo nikatoa kalamu yangu isiyo na wino. Stanley na Livingstone walifika kwenye mdomo wa Ruzizi Novemba 1871. Walitaka kumaliza ubishi mkubwa wa wasomi wa Ulaya: mto ule unaingia ziwani au unatoka? Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakaambiwa na wenyeji kwamba unaingia, lakini hawakufika kuuona kwa macho yao, na ubishi ukaendelea miaka kumi na tatu. Jambo lenyewe kila mtoto wa Kavimvira analijua: ndala ikikuponyoka mtoni, hufuati juu, unakwenda kuiokota ziwani. Lakini kama Bukuru alikuwa mtu mzima mwaka 1871, na wote wanakubali alikufa 1951, basi alikufa akiwa na miaka kama mia, na uzeeni alikuwa bado anazaa. Nikawauliza wazee hesabu hiyo inakuwaje. Yule wa mikate akanijibu kwa upole, "Watu wa zamani walikuwa na nguvu."

Basi nikaenda kwenye karatasi. Karatasi haili mikate.

Ofisi yenyewe siitaji. Nilimkuta karani amekaa nyuma ya meza yenye mguu mmoja wa matofali.

"Unatafuta nani, muzee?"

"Habari za babu wa baba yangu."

"Umeleta fotokopi ya kadi yake ya uchaguzi?"

Asicheke mtu. Nchi hii ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984, na kwa miaka mingi kitambulisho cha mwananchi kimekuwa kadi ya uchaguzi. Karani alikuwa anafuata utaratibu. Nikamweleza kwamba marehemu alikufa mwaka 1951, na uchaguzi wenyewe alikuwa hajausikia.

"Basi lete cheti cha kifo."

"Ndicho ninachokitafuta."

"Kupata cheti cha kifo, lazima kwanza uonyeshe kama alizaliwa."

"Mimi ni kitukuu chake. Unaniona?"

Akanitazama kwa makini, kama anayepima kama ninatosha kuwa ushahidi. Kisha akashusha pumzi. "Muzee, bitabu bya zamani bilienda na maji." Alisema kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe uliacha njia yake, ukapita katikati ya mji na nyumba za watu.

"Na vya kabla ya hapo?"

"Byo bilienda na vita."

"Vita gani?"

"Chagua."

Nikabaki sina la kusema. Kuna vya 1964, waasi walipouteka mji mwezi wa Mei. Kuna vya 1996. Kuna vya 1998. Na ni mji ambao mtu akisema "wakati wa vita" lazima umuulize kama anamaanisha asubuhi au jioni. Nikaacha hongo ya madesu ya bana, yale maharagwe ya watoto ambayo Mkongomani yeyote anajua hayapikwi, nikatoka. Kitu pekee nilichoandikiwa pale ni jina langu mwenyewe, kwenye daftari la wageni, nalo wakalikosea.

Nuru ya kwanza ilitoka chini ya kitanda. Baba mdogo alikumbuka kwamba ana sanduku la bati la marehemu babu. Ufunguo ulipotea, yeye anasema, "wakati wa vita", na safari hii sikuuliza. Tukamwita fundi baiskeli. Fundi akaja na nyundo na imani kubwa mno. Pigo la kwanza likakosa kufuli, likapata kidole cha baba mdogo. Pigo la pili likakosa kila kitu, likapata beseni la mboga. La tatu likafungua sanduku upande usiofunguliwa. Mende wakatoka kwa mstari, wazee kwa vijana, ukoo kamili usio na haja ya karani.

Chini kabisa, ndani ya kitambaa, ilikuwamo buku. Vijana hawaijui. Ni kile kijitabu ambacho Mbelgiji alimpa kila mwanaume ili ajue ni nani, chifu wake ni nani, anafanya kazi wapi, na kodi amelipa lini. Ilikuwa imeliwa pembe zote nne, lakini katikati maandishi yalisimama wima, ya wino wa zambarau: *Bukuru, Joseph. Né vers 1902.* Kazi: reli. Nikaruka. Reli! Enzi za Wabelgiji treni ilikuwa inatoka hapa Kalundu mpaka Kamanyola; leo ukiwasimulia vijana wa pikipiki habari ya treni ya Uvira wanakuangalia kama umelewa. Kisha jina la mke mmoja, limeandikwa vizuri. Na chini yake, kwenye mstari wa wake wengine, neno moja: *Néant*.

Nikapiga picha ukurasa, nikautuma Texas, nikalala usingizi wa shujaa.

Nilipoamka mti ulikuwa umeshachorwa. Dada alikuwa amekesha. Kwenye kilele, kwa rangi ya dhahabu, aliandika kwamba babu mkubwa alizaliwa katika kijiji cha Vers mwaka 1902. Kushoto kwake alisimama mke wa kwanza. Kulia, ndani ya ua la waridi, alisimama mke wa pili: Bibi Néant.

Kwa wasiokipitia Kifaransa: *vers* maana yake "yapata, karibu na". Wazee wetu wote walizaliwa *vers*, na mimi mwenyewe utotoni niliwahi kudhani ni mji mkubwa wenye hospitali nzuri ya wazazi. *Néant* ni "hakuna, hewa, sifuri". Ndilo neno ambalo karani huliandika asipotaka kuacha nafasi wazi, mtu mwingine asije akajaza yake. Dada yangu alikuwa amempa babu yetu mke anayeitwa Hakuna.

Nikakimbilia simu. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, simu ina asilimia tatu. Nilipopata chaji kwa jirani mwenye sola, ilikuwa jioni, na kule mti ulikuwa umeshabandikwa ukutani darasani. Mwalimu alimpenda sana Bibi Néant. Alisema ni jina la mtu wa jumba la kifalme. Mtoto amepata alama zote.

Mwingine angeishia hapo. Lakini mtu akishaonja ukurasa mmoja wa zamani anakuwa kama aliyeonja kamari. Nikasema, lazima nipate ukweli, ili siku moja nimwondoe yule mwanamke ukutani kwa heshima.

Nikaenda parokia moja, ambako katekista mstaafu alikubali kunifungulia daftari la ubatizo. Ni kitabu kikubwa kama mlango, na kimeandikwa Kilatini, kwa sababu mapadri wa zamani waliona Mungu asitatizwe na lugha nyingi. Tulipitisha vidole kwenye akina Josephus mpaka vidole vikawa vyeusi. Bukuru walikuwa tisa. Wa saba alikuwa wetu. Tulimtambua kwa jina la kilima cha baba yake. *Josephus, adultus*, mwenye umri wa miaka kama hamsini, *filius paganorum*, amebatizwa mwaka 1938, na mke wake wa pekee wa halali ni fulani.

Nikapiga hesabu. Miaka hamsini mwaka 1938 maana yake alizaliwa kama 1888. Buku inasema 1902. Wazee wanasema kabla ya Stanley. Babu yetu alikuwa anazeeka kila alipobadilisha mlango. Na mke? Jina la mke wa kanisani halikuwa lile la kwenye buku. Kule mke ni mmoja tu, na huku mke ni mmoja tu, lakini si yule mmoja.

Dada alipoipata picha hakuhangaika na wake. Aliuliza swali moja: "Paganorum ni ukoo gani? Tuna Waitaliano?" Nilimwelewa. Amekua akisikia habari za mapadri Waksaveri, ambao kweli ni shirika la Kiitaliano na walifika Uvira mwaka 1958. Nikamwandikia kwamba *filius paganorum* ni "mtoto wa wapagani". Akanyamaza siku mbili. Nadhani alikuwa ameshaanza kujizoeza kupika tambi.

Sasa nikavuka mpaka kuingia Burundi. Mtu aliniambia kuna ukoo wa Bukuru upande wa Gatumba, wana wazee wenye kumbukumbu, na babu yao aliwahi kuishi Uvira. Nikapita Kavimvira asubuhi, nikafika Gatumba, nikaulizia. Nyumba ya kwanza wakanikaribisha kama niliyefufuka. Wakaitana. Ndani ya saa moja ukumbi ulijaa watu kumi na saba, mzee mmoja akanishika kidevu akasema, "Hii ni taya ya Bukuru, haipotei." Nikalia. Wakalia. Wakaleta mukeke wa kuchoma, mkubwa, na ndizi, na pilipili iliyonifanya niendelee kulia hata baada ya huzuni kwisha. Katikati ya chakula mwenye nyumba akataja kwa aibu kwamba paa linavuja na ukoo unachangishana. Mtu hawezi kufika kwa damu yake akakataa bati. Nikatoa nauli yangu ya kurudi.

Ndipo bibi kizee mmoja akajifuta mdomo na kusema, "Huyo Bukuru, Mungu amrehemu, alinyonyesha watoto tisa bila kuugua hata siku moja."

Nikaacha kutafuna.

Kumbe jina la Bukuru halichagui mume wala mke. Pacha wa kwanza ni pacha wa kwanza. Bukuru wao alikuwa bibi yao. Nikafikiria kusema. Nikatazama ile taya niliyoambiwa haipotei, nikatazama samaki, nikatazama bati langu ambalo tayari lilikuwa limeshapanda juu ya paa katika mawazo yao. Nikamaliza kula. Mukeke hauna kosa. Nilirudi mpakani kwa miguu, na ndiyo ile jozi ya viatu niliyowatajia. Mpaka leo wananitumia salamu, na Desemba nimealikwa harusi kama mjomba. Nitakwenda.

Kaburi nalo nililijaribu. Baba mdogo alinipeleka ufukweni, akanyoosha kidole chake chenye bendeji kwenye maji. Ziwa lilipanda mwaka 2021, likapanda tena 2024, likachukua nyumba na barabara, na makaburi hayakuombwa ruhusa. Mahali alipoonyesha, kichwa cha kiboko kiliibuka, kikatutazama, kikapuliza maji. Tukakubaliana kwamba heshima tumeshaitoa. Tulikimbia bila kuagana, na mzee wa miaka sabini alinipita kwa hatua nyingi.

Ndipo mke wangu, aliyekuwa amenitazama nikipoteza fedha na viatu, akauliza jambo ambalo hakuna mwanaume katika kikao chetu aliyelifikiria: "Na Koko wa Kalundu, umemuuliza?"

Koko wa Kalundu ni dada wa babu yangu, mtoto wa mwisho wa Bukuru, na yuko hai. Anakaribia tisini. Hatukumwita kikaoni kwa sababu kikao kilikuwa cha wazee, na yeye, bila mtu kusema, alihesabiwa kuwa ni jiko. Nilimkuta chini ya mwembe akichambua ndagala kwenye ungo, kila samaki kama kidole cha mtoto, macho yake yakiwa makali kuliko yangu. Nikamweleza yote: wazee, ofisi, sanduku, Kilatini, Gatumba, kiboko. Alicheka mpaka ndagala wakamwagika.

"Mutoto wangu, ulikwenda kuuliza makaratasi mambo ya papa yangu? Papa aliogopa makaratasi kuliko mamba." Akarudisha samaki mmoja mmoja kwenye ungo. "Papa alikuwa na bibi batatu."

Huku kwetu papa ni baba, na bibi ni mke. Batatu ni watatu.

"Lakini buku inasema mmoja."

"Mzungu wa kodi aliuliza: una bibi ngapi? Kodi ya kichwa unalipa. Kila bibi wa zaidi, unaongeza kodi. Sasa wewe, na hiyo kalamu yako, ungesema ngapi?"

Nikakumbuka nilichosoma zamani: kodi ile ya mwaka 1910 kweli ilikuwa na nyongeza kwa mwenye wake wengi. Bukuru alimwandikisha mke mkubwa, wale wengine akawafanya *néant*.

"Na umri? Reli inasema kijana, kanisa linasema mzee."

"Reli ilitaka vijana. Padri aliwahurumia wazee, hakuwauliza katekisimu nyingi."

Hilo nalo lilikuwa na mantiki. Kwa kanuni ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe, mtu alisomeshwa miaka minne ndipo abatizwe. Mtu aliyebeba mataruma ya reli siku nzima lazima atafute njia fupi ya kwenda mbinguni.

"Na mke wa kanisani?"

"Padri alitaka mmoja, papa akampa mmoja. Alimpa yule aliyekuwa na kichwa cha kukariri sala. Mke mkubwa alikataa, alisema Kilatini kinamuuma meno."

Nikaandika, kwa kalamu niliyoazima. Kisha nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. "Koko, na mama yenu? Mama aliyekuzaa wewe na babu yangu, alikuwa yupi? Wa buku au wa kanisani?"

Akanitazama kama nilivyotazamwa na karani. "Hakuna hata mmoja. Mama yetu alikuwa huku Kalundu. Alinunua ndagala, alianika, aliuza mpaka kwenye treni. Ndiye alilipa ile kodi ya papa. Hakuna mtu alikuja kumuuliza jina."

Upepo wa ziwa ulipita. Nikahesabu kwa vidole mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Mke wa buku hakutuzaa. Mke wa kanisani hakutuzaa. Sisi sote, mimi, baba mdogo na kidole chake, dada wa Texas, na yule kilembwe mwenye alama zote, tumetoka kwa mwanamke ambaye mahali pake kwenye karatasi pameandikwa neno moja tu. Mti ule wa ukutani haukuwa na kosa. Sisi ni watoto wa Bibi Néant.

Nilipiga simu Texas papo hapo. Huku ilikuwa saa tatu asubuhi, kule saa nane usiku. Dada alipokea kwa sauti ya mtu anayesubiri kuambiwa nani amekufa, na ninakiri nilinyamaza sekunde mbili za zaidi, kwa ajili ya haki. Kisha nikamwambia, "Usifute kitu." Alipoelewa alicheka, halafu akalia, halafu akauliza jina lake la kweli. Koko alinitajia, na dada ameliandika ndani ya lile ua la waridi, chini ya Néant. Hapa siliweki. Koko alisema halikuandikwa na Mzungu wa kodi, na gazeti nalo lisilitangaze bila kulipia ndagala.

Watu husema babu zetu walidanganya wazungu. Mimi simwiti Bukuru mwongo. Kila aliyemjia na kalamu alikuja na swali la faida yake: huyu anataka franga, huyu mikono, huyu roho. Naye alimjibu kila mmoja kadiri ya swali lake, akarudi Kalundu kwa mke ambaye hakuna aliyemuulizia. Sina haki ya kumhukumu. Baada ya mafuriko walipopita wa kuandika walioathirika, nyumbani kwangu waliandika vinywa vinane. Wiki iliyofuata alipopita wa ushuru alikuta vinne. Kitukuu changu akija kunitafuta, Mungu amsaidie.

Ningemalizia hapo kwa kichwa cha mshindi, lakini dada ana bidii. Juzi, saa tisa usiku, ameandika tena: mti sasa ushuke chini, nimtumie vyeti vya kuzaliwa vya watoto wangu. Nikafungua mkoba wa karatasi. Cha wa kwanza kipo. Cha wa pili kipo, kimemwagikiwa chai. Cha wa tatu nikatafuta, nikatafuta tena, mpaka mke wangu akasema kutoka gizani, "Unatafuta nini? Ulisema utaenda wiki ijayo." Wiki ile ijayo ilikuwa miaka minne iliyopita. Tena yeye anasema mtoto alizaliwa Jumanne, mimi nasema Alhamisi.

Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, ni mpaka hukumu ya mahakama. Kwa hiyo mimi, mwenye kalamu mfukoni, niliyevuka mpaka na kukimbizwa na kiboko nikitafuta mwaka aliozaliwa marehemu, nina binti nyumbani anayekula, anayeimba, anayenijibu vibaya, na ambaye katika vitabu vya Jamhuri ni *néant*.

Jumatatu ninakwenda mahakamani. Nimenunua kalamu yenye wino. Na wewe uliye na mtoto mchanga hapo ndani, weka gazeti chini, uhesabu siku zako: ni 90, hakuna ya 91.